Baba, Mama na Kitanda cha Duara

Baba yangu alistaafu kazi ya reli bila kuufikia mwisho wa reli. Miaka yote alikuwa Mombasa, na kila nikimpigia simu kutoka kwangu Kisumu ananikumbusha kwamba garimoshi lilifika Kisumu mwaka 1901, yeye bado. Basi treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu iliporudishwa mwishoni mwa 2021, nikajua yamenifika. Wakapanga safari Mei 2022. Kuniuliza hawakuniuliza.

Mei hiyo ndiyo Kisumu ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Africities. Mameya na magavana wa Afrika nzima walikuwa wanamiminika Mamboleo, na vyumba vyote mjini vilikuwa vimeshawekewa nafasi. Jirani yangu alihamia kwa dada yake Ahero, nyumba akawakodisha wageni. Mimi naishi chumba kimoja Manyatta, pazia katikati, jiko nyuma ya mlango. Nimlaze baba yangu humo? Labda akiwa amezimia.

Na masharti yao sasa! Baba hataki hoteli yenye baa. Mama ana magoti, hapandi ngazi, na lifti haiamini. Nikapata chumba Kondele, kumbe chini yake ni klabu ya ohangla, ngoma ya Kijaluo. Nikapata kingine kule Dunga, mlinzi akanitoa wasiwasi kuwa viboko hupanda usiku kula majani tu, hawana shida na mtu. Nikamshukuru nikaondoka.

Mwishowe hoteli moja, jina naliacha, ikaniambia kimebaki chumba kimoja, ghorofa ya chini, baa hakuna. Nikalipa kwa simu kabla hawajabadilisha mawazo.

Wazee wakashuka asubuhi, baba ameipigapiga treni ubavuni kama anayemuaga punda. Tukafika hotelini, mhudumu akafungua mlango kwa tabasamu la kupita kiasi.

Kilikuwa chumba cha fungate.

Kitanda cha duara. Taulo mbili zimekunjwa kuwa mabata yanabusiana. Petali nyekundu zimemwagwa kwa umbo la moyo. Na darini, Mola nisitiri, kioo kizima kizima. Nilikodolea macho viatu vyangu.

Mama ndiye aliyevunja kimya. Aliokota petali, akanusa, akaisugua vidoleni. "Hii nailoni," akasema. Mama amefunga vikuba vya asumini tangu utotoni, akamgeukia yule kijana wa watu: "Mwanangu, kitanda chapambwa kwa waridi la dukani?" Kijana akaomba radhi, nadhani hakujua kwa kosa gani.

Baba yeye alikuwa anakizunguka kitanda. Akazunguka tena. "Kichwa ni wapi?"

"Popote, mzee."

"Popote si mahali."

Akauliza kibla. Kijana akanyoosha mkono kuelekea ziwani, bila kusita hata kidogo. Baba akanitazama. "Huyu atatuswalisha tukielekea Uganda."

Usiku, saa nane, simu. Baba ananong'ona: "Njoo. Juu kuna watu."

"Watu gani, baba?"

"Wazee wawili. Wamelala. Yule mwanamume ananitazama."

Nyuma nikamsikia mama akicheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameshatambua zamani, ila alitaka kuona mumewe atafika wapi. Nikaeleza habari ya kioo. Baba akanyamaza, kisha akauliza kwa ukali nani huyo anayelala huku akijiangalia, amlipe nani.

Kulipokucha nikaruka kwenye bodaboda, nikazunguka mji mpaka nikapata chumba cha heshima Milimani: kitanda cha pembe nne, dari la mbao. Mwenye chumba alitaka karibu nusu ya mshahara wangu, nikampa. Nikarudi mbio kuwafungasha wazee.

Mama alikuwa barazani anakunywa chai, mabata ya taulo ameyakunjua na kuyageuza kilemba cha kupigia mvuke wa nywele. "Kamwambie babako," akasema, hana haraka yoyote.

Nikabisha. "Ingia polepole," sauti ikatoka ndani, "usinitikise."

Baba amelala chali katikati ya duara, shuka limetandazwa kifuani, mkasi mkononi, macho darini. Alikuwa anapunguza ndevu.

"Milimani?" akasema, bila kugeuka. "Huko wana kioo?"