Bondia asiulizwe kama yuko sawa

Julai 1994, kule Las Vegas, refa alisimamisha pambano la bondia Mkenya Robert Wangila, na Wangila akaja juu akitaka kuendelea. Alitoka ulingoni akiwa anajiweza. Baadaye akapoteza fahamu, asizinduke tena. Alikuwa na miaka 26, na dhahabu aliyoleta kutoka Seoul mwaka 1988 ndiyo pekee ambayo Kenya imeshinda Olimpiki nje ya riadha hadi leo.

Wanaotaka ndondi zipigwe marufuku wana hoja nzito. Katika kandanda kuumia kichwa ni ajali. Katika ndondi kichwa ndicho shabaha, na anayemzimisha mwenzake hushangiliwa. Norwei ilipiga marufuku ndondi za kulipwa mwaka 1981, isilegeze hadi 2014. Hoja hiyo siwezi kuipangua, wala sitajaribu.

Ila fika Eastlands jijini Nairobi, Kaloleni au Mathare, uwaambie vijana ulingo umefungwa. Ngumi nzuri imewaingiza wengi wao kwenye timu za polisi, magereza na jeshi, na huko kuna mshahara. Marufuku haingewaondolea hamu ya kupigana. Ingemwondoa refa na daktari.

Wengine hudhani kofia ya kinga itamaliza ubishi. Kofia hupunguza kuchanika usoni, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, hasa ngumi ya pembeni inapouzungusha kichwa. Ndondi za ridhaa ziliwavua wanaume kofia hizo mwaka 2013. Hata picha ya CT, ile ya hospitalini inayoonyesha ndani ya kichwa, inaweza kuonyesha damu iliyovuja tu. Mtikisiko wenyewe mara nyingi hauonekani. Dawa kubwa inabaki kupumzika, kwa sababu pigo la pili kabla ya kupona linaweza kuufanya ubongo uvimbe na kuua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili, wanaopinga ndondi na wanaozitetea, maana zinabishania mapambano ilhali ngumi nyingi hupigwa mazoezini. Ulingoni kuna daktari, na aliyezimishwa husimamishwa kwa wiki kadhaa. Jumatatu jioni ukumbini nani anazihesabu siku hizo? Kocha anahitaji mtu wa kumpima bondia wake mwingine, na kijana mwenye maumivu ya kichwa anasema yuko fiti. Wangila naye alijiona yuko fiti.

Makocha hujibu kwamba asiyezoea kupigwa ataumia zaidi siku ya pambano. Ni kweli nusu. Kukwepa na kujikinga hufundishwa pia kwa ngumi za mwili na kwa mkono mwepesi, na ngumi nzito za kichwa zikabaki chache.

Daftari la waliozimishwa, likishikwa na mtu asiye kocha, ni gharama ya kalamu. Kigumu ni njaa. Bondia wa polisi akipumzika mshahara unaingia. Wa mtaani hukosa posho, kwa hiyo huficha. Promota atenge fedha za mapumziko kabla kengele haijalia, au asipewe kibali.