Jina la utani bila mtani

Jumamosi iliyopita nilimnunulia mpwa wangu fulana ya mtumba pale Karume, na ni nyumbani tu ndipo nilipoitazama vizuri. Kifuani ilikuwa na kichwa cha mwanamume aliyegeuka upande, manyoya ya ndege kwenye nywele, michirizi ya rangi shavuni, na chini yake neno moja: Sioux. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, huyu ni nani?" Kabla sijajibu, shemeji yangu, ambaye aliishi Marekani miaka kadhaa, akadakia kwamba hilo ni jina la zamani la timu za chuo kimoja, kwamba vyuo vya huko vina majina ya ajabu ajabu, na kwamba haifai kuumiza kichwa kwa jambo hilo. "Ni utani tu," alisema.

Neno hilo, utani, ndilo lililonikosesha raha wiki nzima.

Ninakubali kwamba majina ya timu za vyuo vya Marekani mengi yamezaliwa kwa njia za ajabu, na mengine yanapendeza kweli. Wachezaji wa Nebraska, kabla ya kuitwa Wamenya Mahindi, waliwahi kuitwa Wala Wadudu. Huko Santa Cruz, California, wakuu wa chuo waliwachagulia wanafunzi simba wa baharini, wanafunzi wakakataa, na mwaka 1986 wakapiga kura ya kumtaka konokono wa njano asiye na gamba anayetambaa katika misitu inayokizunguka chuo chao. Mwaka 1891 timu ya Purdue iliwafunga Wabash 44 kwa 0 katika mji wa Crawfordsville, na gazeti la mji huo, kwa uchungu wa kufungwa nyumbani, likawaita wageni mafundi wa kuunda boila, yaani watu wa karakana na nyundo, wasiostahili kuitwa wasomi. Vijana wa Purdue walilichukua tusi hilo, wakalivaa, na hadi leo ndilo jina lao.

Hadithi ya Purdue mtu wa kwetu anaielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa Yanga wakiitwa vyura kwa sababu ya maji ya Jangwani, wanajua la kuwajibu Simba, na Jumatatu kazini kila mmoja anapata zamu yake. Utani una masharti. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana hata msibani kwa sababu kila mmoja anamtambua mwenzake kuwa mtani, ana haki ya kusema na ana wajibu wa kusikia, na ikibidi ana wajibu wa kumzika. Anayesema peke yake huku mwenzake hana nafasi ya kujibu hatanii.

Sasa niitazame fulana yangu kwa kipimo hicho. Jina hilo lilikuwa la timu za Chuo Kikuu cha North Dakota, na Sioux ni watu wa asili wa Amerika Kaskazini, lakini chuo hakikuanza nalo. Timu zake zilijulikana kwa jina la kindi wa ardhini wa nyika zile, anayechezesha mkia wake, mpaka mwaka 1930, ambapo wanafunzi waliona kindi ni dhaifu mno mbele ya mahasimu wao wa Fargo, waliojiita Nyati. Sababu zilizotolewa katika gazeti la wanafunzi zimehifadhiwa: kwamba Sioux ndio hodari wa kuwamaliza nyati, kwamba ni watu wa vita wenye miili mizuri, na kwamba neno lenyewe ni rahisi kulitungia vina vya nyimbo za kushangilia. Taifa zima la watu lilichaguliwa kwa sababu linawinda mnyama wa timu pinzani na kwa sababu ya vina. Na hata jina Sioux si lao, kwani asili yake ni jinsi majirani zao Waojibwe walivyowaita, Wafaransa wakalisikia na kulifupisha. Wenyewe hujiita Dakota na Lakota, jina ambalo jimbo zima linalitumia kila siku.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo kila nikiifikiria damu inanichemka. Mwishoni mwa mwaka 2000, wakati chuo kikitafakari kuliacha jina hilo, mfadhili mmoja, Ralph Engelstad, tajiri wa kasino huko Las Vegas aliyewahi kuwa golikipa wa hoki ya barafuni wa chuo hicho, alikuwa akikijengea uwanja uliogharimu zaidi ya dola milioni 100. Alimwandikia mkuu wa chuo kwamba jina likibadilishwa ataliacha jengo lilipofikia, liharibiwe na baridi ya majira yale. Siku iliyofuata bodi ya elimu ya juu ya jimbo ilipiga kura ya kulibakiza jina. Ujenzi ukaendelea, na kichwa kile kilichoko kwenye fulana ya mpwa wangu kikatiwa uwanjani humo mara maelfu, kwenye viti, kutani, hata sakafuni, mahali pa kukanyagwa.

Ilipofika mwaka 2005, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kuyabana majina ya namna hiyo, na mwaka 2007 chuo kilipewa miaka mitatu ya kupata ridhaa ya mataifa mawili ya Wasioux wenyewe, Spirit Lake na Standing Rock. Ni lazima niseme, ingawa halinipi raha, kwamba watu wa Spirit Lake walipiga kura mwaka 2009 na wengi wao wakaridhia. Waseminole, watu wa asili wa Florida, nao wameridhia jina lao litumiwe na chuo cha jimbo lao. Sina haki ya kuwasemea. Lakini Standing Rock hawakuridhia, na mtu akiulizwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 70 ya kuimbwa, jibu lake la hapana lina uzito kuliko wimbo wowote.

Wapo wanaosema ni jadi. Jadi gani, ikiwa jina lenyewe lilichukua nafasi ya kindi? Waliolibadilisha mwaka 1930 hawakuogopa kuvunja jadi ya kaka zao, na mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo, takribani theluthi mbili, waliona vivyo hivyo wakakiruhusu chuo kuachana nalo. Tangu 2015 timu zinaitwa Mwewe Wapiganaji, na hoki inachezwa kama kawaida.

Shemeji yangu bado anasema nimelikuza jambo. Mimi nilimketisha mpwa wangu nikamweleza kwamba mtu yule pale kifuani si mnyama wa timu, ni mtu wa taifa liitwalo Lakota au Dakota. Akauliza kama bado wapo. Nikamwambia wapo, na kwamba huko Standing Rock wana chuo chao, walichokipa wao wenyewe jina la Sitting Bull, kiongozi wao.