Lengo kubwa linafaa lini, na lini linaumiza

Kila mwaka mpya unapoingia huibuka hadithi ileile: kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale waliulizwa nani kati yao ameandika malengo yake, asilimia 3 wakasema wameandika, na miaka 20 baadaye hao wachache wakakutwa na mali nyingi kuliko wenzao asilimia 97 wote kwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Umetafutwa, chuo chenyewe kikiwemo katika kuutafuta, na haukuonekana popote. Ni vema kuuweka kando mapema, kwa sababu wanaotetea malengo makubwa wana ushahidi wa kweli usiohitaji kusaidiwa na uzushi. Wanaoyapinga nao wana wao, na ni mzito vilevile.

Utetezi unaanza na mwanasaikolojia Edwin Locke, aliyechapisha mwaka 1968 hoja kwamba lengo gumu na mahususi humsukuma mtu kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo". Baadaye yeye na Gary Latham waliipima hoja hiyo kwa miongo kadhaa. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1975, kuhusu madereva wa malori ya magogo nchini Marekani. Walikuwa wakipakia takribani asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walipopewa lengo la asilimia 94, mizigo ilipanda mpaka kufikia kama asilimia 90 ndani ya miezi michache, bila nyongeza ya fedha. Sababu yake haina fumbo. Ukiambiwa ujitahidi, mwisho wa kujitahidi unaupanga mwenyewe, na mara nyingi unaupanga pale uchovu unapoanza. Namba inakunyima nafasi hiyo. Inakuonyesha pia pengo kati ya ulipo na unapotaka kufika, na pengo likionekana mtu huanza kutafuta mbinu.

Lakini tuwatazame vizuri madereva hao. Kupakia magogo walikuwa wanakujua tayari. Lililokosekana ni kipimo.

Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walijaribu jambo hilohilo kwa watu wasioijua kazi: wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani waliopewa zoezi la kuigiza kazi ya waongozaji wa safari za ndege. Waliopewa lengo gumu tangu mwanzo, wakati bado wanahangaika kuzielewa kanuni za zoezi, walifanya vibaya. Lengo lilelile lilipowekwa baadaye, mikono ikiwa imeshazoea, lilisaidia. Akili ya anayejifunza imejaa; ukiiongezea kazi ya kuhesabu amebakiza kiasi gani, unaipunguzia nafasi ya kuelewa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ugomvi wote unapaswa kuamuliwa, na inasikitisha kuona watu wakibishana miaka nenda miaka rudi kuhusu ukubwa wa ndoto. Swali la kwanza ni kama kazi yenyewe unaijua. Ukiijua, lengo kubwa lenye namba ni silaha. Usipoijua, namba hiyohiyo itakuvuruga, na utakapokwama utadhani umekosa nidhamu wakati ulichokosa ni ujuzi.

Eliud Kipchoge anatajwa sana kama hoja ya kuota ndoto kubwa. Mei 2017, huko Monza, alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa 2 akamaliza kwa saa 2:00:25. Oktoba 2019, Vienna, akamaliza kwa saa 1:59:40, muda usiohesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya namna jaribio lilivyoandaliwa, wakiwemo wakimbiaji wa kumwongoza waliokuwa wakipokezana. Watu huchukua ndoto yake na kuiacha hesabu yake. Wakati huo alikuwa bingwa wa Olimpiki wa marathoni. Umbali aliujua, chakula cha njiani alikijua, na kazi iliyobaki ilikuwa kushika mwendo wa takribani dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Anayeanza leo kukimbia akimwiga Kipchoge, anaiga sura ya lengo bila kiini chake.

Tena mwili una masharti ambayo azma haiyavunji. Moyo na pumzi ya mkimbiaji mpya huimarika ndani ya wiki chache, ilhali mifupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana anayejiandaa kwa kilomita 42.195 huumia mara nyingi pale anapojisikia ana nguvu: pumzi inamruhusu kuongeza umbali, mfupa wa mguu chini ya goti hauruhusu. Hapo hakuna mbinu ya malengo itakayofua dafu. Tarehe ndiyo inayopaswa kusogea.

Upande wa pili ulisema kwa sauti kubwa mwaka 2009, pale Lisa Ordóñez na wenzake watatu walipoonya kwamba malengo makali hupofusha, huchochea udanganyifu na kuwafanya watu wabebe hatari wasizozimudu. Walitaja karakana za magari za Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990: mafundi walipangiwa dola 147 za mauzo kwa kila saa, wakaishia kuwatoza wateja matengenezo yasiyohitajika. Locke na Latham walijibu kwamba wakosoaji wamekuza madhara kupita kiasi. Kwa taasisi mjadala huo ni mrefu. Kwa mtu binafsi sura yake ni rahisi kuiona, kwa kuwa anayedanganywa ni yeye mwenyewe: mwandishi anayejaza maneno matupu ili afikie idadi ya siku, au mwenye lengo la kupunguza uzito anayejinyima maji asubuhi ya kupanda mizani. Kipimo kinatimia na kazi haisogei.

Dawa ninayoiona inafaa ni kuweka vipimo viwili vinavyobishana, kimoja cha wingi na kimoja cha ubora. Anayehesabu maneno achague pia ukurasa mmoja kila wiki na kumpa msomaji mmoja aseme ni wapi alipochoka. Asiache kimojawapo.

Tuchukue kitabu kama mfano wa kukokotoa. Mtu mwenye ajira anataka rasimu ya kwanza ya maneno 60,000 ndani ya mwaka. Akiandika maneno 300 kwa kikao, anahitaji vikao 200. Vikao 5 kwa wiki ni wiki 40. Zinabaki wiki 12 za magonjwa, safari na udhuru. Inapendeza. Ila mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao zingekamilika lini. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34. Wastani halisi ukawa kama siku 55. Hata walipoombwa wakadirie mambo yakienda vibaya kabisa, walitaja siku zisizofika 49. Siku 55 hizo ni zaidi ya mara 1.6 ya makadirio ya kwanza. Ukizizidisha wiki 40 hizo kwa 1.6 unapata 64, na mwaka una 52. Kwa hiyo lengo hili limevunjika kabla ya kalamu kugusa karatasi. Njia ni mbili: kupunguza rasimu mpaka maneno 45,000, yaani vikao 150, wiki 30 za mpango na 48 za uhalisia, au kukubali miezi 15.

Kama hajawahi kuandika kitu kirefu, hata hesabu hiyo ni mapema. Wiki 6 za kwanza zisiwe na idadi ya maneno. Ziwe na lengo la kujifunza: kumaliza sura 2 fupi zenye mwanzo na mwisho, kujaribu alfajiri kwa wiki 3 na usiku kwa wiki 3, na kuandika kila mara kikao kimechukua dakika ngapi na kimekwamia wapi. Mwisho wa wiki hizo atakuwa na kasi yake halisi. Mia tatu ile aliyoiokota hewani inaweza kugeuka 180 au 450, na mpango mzima unapaswa kuhesabiwa upya kwa namba hiyo.

Sasa kosa linaloua mipango mingi: deni. Amekosa wiki 2, sawa na maneno 3,000. Anaamua kuyalipa ndani ya wiki moja, maneno 600 ya ziada kwa kikao, jumla 900. Kama 300 humchukua saa moja, sasa anahitaji saa tatu asizokuwa nazo. Siku ya pili anashindwa, deni linakua, na siku ya tano anaacha kufungua faili kwa sababu kulifungua kunauma. Nguvu za soda huishia hapo, na ajabu ni kwamba kilichomwangusha ni jitihada ya kufidia, wala si zile wiki mbili zilizopotea. Deni hilohilo likitandazwa kwenye vikao 100 vilivyobaki ni maneno 30 tu kwa kikao. Au alifute kabisa na kusogeza tarehe kwa wiki 2. Phillippa Lally na wenzake, waliowafuatilia watu wakijenga tabia mpya mjini London, walikuta kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mchakato kwa kiasi cha maana. Katika utafiti huohuo ilichukua wastani wa siku 66 tabia kuzoeleka, kati ya 18 kwa aliyewahi na makadirio ya 254 kwa aliyechelewa. Zile siku 21 zinazohubiriwa kila mahali hazina msingi.

Wapo watakaosema basi, afadhali kuanza kidogo na kubaki kidogo. Hoja yao ninaiheshimu, lakini nayo ina tundu ambalo halisemwi sana. Maneno 50 kwa siku, kila siku bila kukosa, ni 18,250 kwa mwaka. Kitabu cha 60,000 kitamalizika baada ya siku 1,200, zaidi ya miaka 3. Wengi huchoka kabla, kwa sababu hawaoni kinachoongezeka. Hatua ndogo ni nzuri kama sakafu ya siku mbaya: mia moja ukiwa umechoka, ili uzi usikatike. Ikigeuka kuwa mpango wenyewe, mtu anaweza kuwa mwaminifu kila siku na asifike.

Kuhusu kuwatangazia watu, pande zote mbili zina ukweli. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba anayetangaza nia ya kuwa mtu fulani anaweza kulegea, kana kwamba kutambuliwa na wengine kumekwisha kumpa sehemu ya sifa. Lakini uchambuzi wa tafiti 138 uliochapishwa mwaka 2016 uliona kwamba kufuatilia maendeleo husaidia, na zaidi yanapoandikwa au kuonyeshwa kwa wengine. Basi nia ibaki kwako, na kilichokamilika kila Ijumaa apelekewe mtu mmoja.

Gollwitzer huyohuyo ndiye aliyeeneza mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi", ambao umepimwa kwenye tafiti nyingi na kusimama. Nguvu yake iko kwenye umahususi. "Nitaandika jioni" haitoshi. "Nikishaondoa vyombo mezani, nitakaa hapohapo niandike sentensi ya kwanza kabla sijashika simu" inatosha. Uwepo pia mmoja wa kikwazo: "Nikikosa cha kuandika, nitaandika upya aya ya mwisho ya jana."

Kinachosahaulika zaidi ni bei. Kabla ya kuanza, ziandikwe saa ambazo lengo halitazigusa: usingizi, watoto, mgonjwa anayetunzwa nyumbani. Kisha ziwekwe tarehe mbili za ukaguzi, wiki ya 13 na ya 26, pamoja na kizingiti kilichoamuliwa kichwa kikiwa kimetulia. Kwa mfano, kazi iliyofanyika ikiwa chini ya asilimia 60 ya mpango kwenye ukaguzi wa kwanza, ukubwa wa kazi upunguzwe au tarehe isogezwe. Ikiwa chini tena kwenye wa pili, na saa zilizolindwa zimeshaanza kuliwa, lengo lisimamishwe na rasimu ihifadhiwe ikiwa na ukurasa mmoja wa maelezo: imefika wapi, sura inayofuata ni ipi, na kasi halisi ilikuwa maneno mangapi kwa saa.