Kabla ya kupima uzee wa Wapemba, ulizeni walizaliwa lini

Binamu yangu anayeishi Uingereza alipokuja Pemba kwa Idi alimletea shangazi yetu wa Mtambwe kipimo cha mate. Unatema kwenye kichupa, kinapelekwa maabara huko huko, na baada ya wiki kadhaa unaletewa umri wa mwili wako. Majibu yamekuja: kwa kitambulisho shangazi ana miaka 67, mwili wake una miaka 75. Grupu la familia limejaa simanzi. Mmoja kasema ni moshi wa kuni, mwengine kasema ni sukari, na wa tatu keshaanza kuulizia daktari Dar es Salaam.

Mimi nimekasirika, wala si kwa binamu, aliyefanya kwa mapenzi. Inayonikera ni hiyo 67. Nani kaisema?

Shangazi hana cheti cha kuzaliwa. Siku ya kuandikishwa kitambulisho, kijana aliyempeleka alikisia mwaka 1958, ukaandikwa. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia kwamba wakati wa uchaguzi wa Juni 1961 alikuwa akenda na mama yake kuokota karafuu, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta keshavunja ungo. Aliyezaliwa 1958 wakati huo ni mtoto wa miaka mitano au sita! Kwa hesabu ya maneno yake alizaliwa karibu na 1951, na leo ana miaka 74 hivi. Mwili umesema kweli. Kilichokosea ni kitambulisho.

Vipimo kama hicho cha shangazi huitwa saa za uzee. Husoma alama za kikemikali zilizobandikwa juu ya DNA, ambazo hubadilika kadiri mtu anavyoishi. Saa ya mtafiti Steve Horvath ya mwaka 2013 hutazama sehemu 353, na kwa nusu ya sampuli alizoijaribia haikuachana na umri wa kuzaliwa kwa zaidi ya miaka 3.6. Lakini watafiti wa afya ya jamii wanachokitafuta hasa ni pengo: umri uliosomwa na saa, toa umri wa kuzaliwa. Pengo likiwa kubwa husemwa watu hawa wanazeeka haraka, kisha hulinganishwa mjini na shamba, waliosoma na wasiosoma, wenye nacho na wasio nacho.

Sasa tujiulize, katika wazee wa rika hili, nani ana tarehe ya kweli? Ni yule aliyezaliwa Mjini, baba yake karani, jina likaandikwa wiki ile ile. Aliyepokewa na mkunga wa kijijini Micheweni, mwaka wake umekisiwa na mtu mwengine. Basi kosa halitawanyiki sawa kwa watu wote, linawalemea masikini wa shamba, na wanawake zaidi. Mtafiti asiyeuliza atarudi kwao na mchoro unaoonyesha kwamba wanawake wa shamba Pemba wamechakaa kuliko wenzao wa mjini, na atataja dhiki, chakula na uzazi wa mfululizo. Yote hayo huenda ni kweli. Lakini hatajua ni kiasi gani cha pengo lake ni uzee na kiasi gani ni kukisia kwa siku moja mbele ya meza ya usajili.

Na kukisia huko kunaumiza. Pensheni Jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wazee, iliyoanza Aprili 2016, hulipwa aliyetimiza miaka 70. Kwa karatasi yake shangazi atangoja mpaka 2028, na kwa haki angekuwa anaipokea tangu 2021 au hapo karibu. Hilo hakuna aliyelitaja kwenye grupu.

Fomula ya mtafiti Morgan Levine na wenzake, ya 2018, inayokadiria umri wa mwili kwa damu, kwetu ina tatizo zaidi: imejengwa kwa takwimu za Wamarekani, ina vipimo tisa vya damu, na cha kumi ni umri wenyewe wa kuzaliwa. Tena selimundu na thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi, au malaria vinaweza kubadilisha baadhi ya vipimo hivyo bila ya mtu kuzeeka.

Nakubali saa za uzee zina kitu. Moja yao, GrimAge ya 2019, hukadiria hatari ya kifo vizuri kuliko umri wa kuzaliwa peke yake, na sitaki wazee wetu waachwe nje ya elimu hii.

Ninachodai ni nusu saa kabla ya sindano. Kaeni na mzee mkekani, mumuulize alikuwa wapi Juni 1961, alikuwa na watoto wangapi Karume alipouawa Aprili 1972, nani katika shehia kamtangulia kuzaliwa. Andikeni mwaka, na pembeni yake andikeni umepatikana vipi, kwa cheti, kwa kumbukumbu au kwa kukisia. Pimeni pia visivyohitaji mwaka wowote: nguvu za kiganja, mwendo wa mita nne, kuinuka kitini bila ya kushika. Na mkigundua kwamba mzee amepunguziwa miaka, basi kwa ridhaa yake mwandikieni sheha barua inayoeleza mlivyouhesabu mwaka wake, aende nayo kuusahihisha na kudai pensheni.