Tupime Hewa Pale Watu Wanapoivuta

Chuo kikuu kikipata kifaa cha kupima hewa, mahali pa kwanza panapofikiriwa ni juu ya paa la jengo la utawala. Pana umeme, pana intaneti, hapafikiki na mwizi, na mgeni akija anaonyeshwa bila taabu. Napinga kabisa. Juu ya paa ni upepo tu. Watu wako chini: mama anayepika githeri kwa kuni nyuma ya mabweni, askari wa getini anayeshinda akimezeshwa moshi wa malori ya Busia, mhudumu wa usafi anayewasha taka shimoni jua likikaribia kutua. Hao ndio wapimiwe kwanza. Na pamoja na hewa yao, tuhesabu pia ndege, wadudu na mimea inayowazunguka.

Nazungumzia vyuo vyetu vya huku magharibi mwa Kenya, Maseno pale ikweta, Kakamega, Bondo na vinginevyo. Kwetu kuna imani kwamba uchafuzi wa hewa ni shida ya Nairobi, ya viwanda na foleni za magari. Tunaambiana kuwa sisi tuna miti na mvua. Ni kweli miti ipo, na mvua huosha vumbi hewani. Lakini ingia jikoni saa kumi na moja jioni siku ambayo kuni zimenyeshewa. Sufuria iko juu ya mafiga, ukuta ni mweusi mpaka kwenye mabati, na mpishi anakoroga ugali kwa mkono mmoja huku mwingine ukifuta macho kwa ncha ya leso. Mtoto wake mara nyingi yuko hapo hapo, anafanya kazi ya shule karibu na moto kwa sababu ndipo penye mwanga.

Kinachotisha zaidi hakionekani. Chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo ni ndogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi, na huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikapenya kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango vyake vya chembe hizo: wastani wa mwaka ukateremshwa kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na wa saa 24 kutoka 25 hadi 15. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani, huchangia vifo vya mapema vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani. Moshi wa jikoni umo kwenye hesabu hiyo.

Sasa, vifaa vya bei nafuu vipo, na ni vizuri mtu ajue vinafanyaje kazi kabla ya kuviamini. Feni ndogo huvuta hewa ndani, mwali wa leza hupita katikati yake, chembe hutawanya mwanga, na kifaa kinakadiria wingi wake kutokana na mwanga huo. Shida yake ni unyevu. Asubuhi yenye ukungu baada ya mvua ya usiku, chembe hufyonza maji na kuvimba, vitone navyo huhesabiwa kama vumbi, na namba zinapanda bila moshi wowote. Kwa hiyo lazima unyevu na joto virekodiwe pamoja, na mara kwa mara kifaa kiwekwe kando ya chombo cha kiwango cha juu ili kisahihishwe. Buibui nao hupenda kutanda humo ndani. Asipokuwapo mtu wa kufungua na kusafisha, baada ya muda unasoma takataka.

Saa za kupima pia zina maana. Usiku hewa ya baridi hutuama karibu na ardhi na moshi haupandi, ndiyo maana jioni na alfajiri hali huwa mbaya kuliko mchana. Wastani wa siku nzima huficha saa mbili za jikoni. Mpishi haponi kwa wastani.

Kuna watakaouliza, ndege na vipepeo wanaingiaje hapa? Wanaingia moja kwa moja. Likeni, ule utando wa kijivu na kijani kwenye magome, nyingi haziwezi kuvumilia gesi ya salfa, kwa hiyo shina la mti hueleza habari za hewa ya miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2022 kwamba moshi wa dizeli na gesi ya ozoni vikiongezeka shambani, wadudu wachavushaji huweza kupungua kwa hadi asilimia 70, yaelekea kwa kuwa harufu ya maua huharibika kabla ya kuwafikia. Fikiria maharagwe na maboga ya wakulima wanaopakana na barabara kuu. Na mwaka 2023 watafiti walitoa taarifa kuwa vichujio vya vituo vya kupima hewa huko huko Uingereza vilikuwa vimenasa DNA, yaani vinasaba, ya zaidi ya aina 180 za mimea, kuvu, wadudu, ndege na wanyama wengine. Vifaa vyetu vidogo vya leza havina vichujio vya namna hiyo, ila pampu yenye kichujio si kitu cha kuishinda maabara ya chuo.

Hata bila DNA, kazi ya kuhesabu inaweza kuanza kesho. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, imeigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, na mtu wa kujitolea akitumia saa mbili kuorodhesha ndege, orodha yake inapokelewa. Mraba huo ni mkubwa kuliko chuo, hivyo chuo kinahitaji pia daftari lake, mti kwa mti. Mzee wa bustani anajua kwarara wanalala wapi na hondohondo hufuata matunda ya mkuyu upi. Mkuyu huo ukikatwa kupisha jumba la mihadhara, hakuna karatasi itakayoonyesha tulichopoteza.

Tatizo letu kubwa si uhaba wa wataalamu. Mwanafunzi anakusanya takwimu nzuri kwa ajili ya tasnifu, anahitimu, na tasnifu inakaa rafuni. Mradi wa mfadhili unaisha na kifaa kinazimwa. Mwingine anakuja anaanza upya, na hatuna mfululizo wa kutuambia kama hali inakuwa nafuu au mbaya. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, lakini mpishi akitaka kuidai haki hiyo ataonyesha nini mkononi?

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Naomba kila chuo huku kwetu kitenge fungu moja la kudumu katika bajeti yake, lisilotegemea mfadhili: betri, bando, usafi na usahihishaji wa vifaa, na malipo ya wanaoweka kumbukumbu, mzee wa bustani akiwemo. Kifaa cha kwanza kifungwe jikoni, cha pili getini, cha tatu karibu na shimo la taka, na matokeo ya kila wiki yabandikwe kwa Kiswahili kwenye mlango wa jikoni kabla hayajapelekwa kwenye ofisi yoyote.