Taarifa ya Mwenyekiti, Itifaki Imezingatiwa

Jamani, ukitaka kujua mtaa wenu umeendelea kiasi gani, usihangaike kutoka nje kuangalia. Utaumia roho bure. Subiri mkutano wa serikali ya mtaa, tafuta kiti cha plastiki ambacho hakijapasuka mguu, kaa umsikilize mwenyekiti akisoma taarifa. Ule mtaa wa kwenye taarifa mzuri mno. Barabara zinapitika, taka zinazolewa, vijana wana mitaji. Mimi nimeshaulizia kama kuna chumba cha kupanga huko.

Mtaa wetu siutaji. Mwenyekiti ana simu kubwa, na mimi bado nina shida ya barua ya utambulisho. Jueni tu ni Dar es Salaam, ila siyo ile ya kwenye picha za Daraja la Tanzanite.

Bajaji ya matangazo ilipita tangu Ijumaa: mkutano Jumapili, saa nane kamili mchana, nyote mnakaribishwa. Saa nane kamili nilimkuta mbuzi wa jirani. Saa tisa wakaja wazee. Saa kumi kasoro akaingia mwenyekiti, kaunta buku kwapani, akaomba radhi kwamba alikuwa na kikao kingine. Hivi hivyo vikao vingine hufanyikia wapi, mbona ofisini kila nikipita kuna kufuli? Spika tuliazima kwa kijana anayepiga muziki kwenye vigodoro. Mwenyekiti kashika maiki, kakohoa, kasema, "Itifaki imezingatiwa," spika ikajibu kwa singeli. Mama mmoja pale mbele alishanyanyuka na khanga kashaifunga kiunoni. Mazoea.

Taarifa za mwenyekiti wetu huanzia mbali. Alianza na treni ya umeme, kwamba tangu 2024 inabeba abiria kutoka Dar mpaka Dodoma kwa chini ya saa nne. Makofi. Akaja na mradi wa Bonde la Msimbazi, kwamba Benki ya Dunia imetoa mkopo na pale Jangwani mambo yatakuwa mengine, mabasi ya mwendokasi hayatasimama tena kila mvua ikinyesha. Makofi. Mimi sipingi. Lakini Mheshimiwa, treni hukuijenga wewe! Mimi mvua ikinyesha, kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha daladala, viatu mkononi, suruali nimekunja mpaka magotini, aliyepanda treni keshapita Morogoro anatafuta karanga. Nilikuja kusikia habari za karavati letu lililobebwa na masika. Karavati likapewa sentensi moja: mchakato unaendelea. Mchakato huo nimeusikia tangu mwanangu wa mwisho anatambaa. Sasa hivi anakwenda shule, tena kwa kuruka shimo lile lile.

Halafu akasema hivi, nanukuu kutoka kaunta buku: "Kifusi kililetwa na kimesambazwa."

Hapo nilitaka kupasuka. Kifusi ni kweli kililetwa. Lori moja, usiku, wakakimwaga mbele ya dirisha langu, wakasema greda linakuja kukisambaza. Greda mpaka leo hatujaliona. Wiki ya kwanza watoto walikigeuza bembea ya kuteleza. Wiki ya pili yule mbuzi alihamia juu kabisa, akawa anatuangalia wote kwa dharau. Kisha nikaanza kusikia usiku, saa saba saa nane, sauti ya koleo: kwacha, kwacha. Asubuhi kilima kimepungua. Fundi anayejenga banda la kuku, kachukua. Yule wa genge sakafu yake ilikuwa udongo mtupu, ghafla imeinuka. Ndani ya mwezi kifusi kimekwisha, na barabarani halikufika hata jiwe. Kwa hiyo mwenyekiti hakusema uongo. Kimesambazwa, kila nyumba ina chake. Mimi mwenyewe kizingiti cha choo kilikuwa kinaingiza maji, sasa hakiingizi, na tusiulizane sana.

Upande wa afya alikemea wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Uwanja mzima ukatikisa kichwa kwa masikitiko. Aliyesikitika kuliko wote ni jirani yangu wa nyuma. Huyu bwana, matone ya kwanza yakigonga bati, wenzake wanakimbilia kuanua nguo, yeye anakimbilia kufunua mfuniko. Basi akasimama, akaomba maiki kabisa: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hawa watu wachukuliwe hatua kali!" Tukampigia makofi. Wote tuliokaa karibu naye harufu tunaijua, tukapiga makofi. Ndio ujirani huo.

Lakini kilichonipandisha presha ni pale alipotukumbusha kulipa kodi ya majengo. Kutukumbusha! Kwani nani anapata nafasi ya kusahau? Kodi hiyo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, wenye magorofa wana viwango vyao. Unanunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi, cha kodi kinatangulia, wewe unapewa uniti zilizobaki. Sasa mimi mpangaji. Jengo si langu, hata msumari wa kutundika kalenda niliomba ruhusa. Na mita tunatumia wapangaji watatu.

Njooni uani kwetu mwezi mpya ukianza muone. Kila mtu anajua atakayenunua wa kwanza ndiye atakayelilipia jengo. Mita inaanza kulia magharibi, ti, ti, ti, na watu wote tumekuwa viziwi. Yule kijana wa chumba cha mbele anasema mtandao wa simu unamsumbua. Mama wa vitumbua anasema umeme wala haumhusu, yeye na mkaa wake. Mimi nimelala tangu saa moja, nakoroma kwa makusudi. Saa tatu, pu! Giza. Tunatoka mmoja mmoja kukaa barazani, tunapepea mbu, kila mtu ana simu mkononi na hela ndani ya simu, hakuna anayetaka kuwa mwananchi mwema. Samaki wa kwenye friji ya yule kijana ndio huamua kesi, wakianza kunuka analipa. Mwenye nyumba ukimgusia habari ya kurudishiwa anasema, "Tutapigiana hesabu kwenye kodi." Yule mzee hesabu anayoijua ni kujumlisha tu.

Mikopo ya halmashauri nayo ilisomwa haraka haraka, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyosimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Sisi wanaume wa makamo nadhani tumeachiwa ile 90, bado tu hatujaambiwa tukaichukulie dirisha gani.

Ajenda ya mwisho huitwa Mengineyo. Humo ndimo yamerundikwa maji yanayotoka saa tisa usiku, taa ya barabarani, baa iliyofunguliwa ukuta kwa ukuta na madrasa, na karavati. Mengineyo huanza saa kumi na mbili kasoro, wazee wanaangalia saa wawahi magharibi, mwenye spika anakunja nyaya. Nikanyoosha mkono, nikauliza karavati lini. Mwenyekiti akatabasamu. "Swali zuri sana. Limepokelewa." Akafunga kaunta buku, mkutano ukaahirishwa kwa dua.

Muda wote huo kulikuwa na karatasi inazunguka. Jina, namba ya nyumba, saini. Aliyekaa kulia kwangu akaninong'oneza, "Saini upesi, ni ya soda." Nikasaini kwa mwandiko mzuri kabisa. Soda haikuja.

Jana jioni akaja mjumbe, mama mmoja mpole ambaye miaka yote ananiita Baba Nanihii.

"Hodi, Baba Nanihii. Nimefuata mchango wa karavati, elfu tano kila kaya."

"Mchango gani tena, Mama Mjumbe? Nani kaupitisha?"

Akafungua karatasi taratibu, akainyoosha juu ya paja. Juu pameandikwa: Wananchi Walioridhia Kuchangia. Chini, mstari wa nne, saini yangu, na mkia nimeuvuta mpaka pembeni.

Nikamkaribisha kiti, nikamwuliza kwa heshima zote kama mtaa unapokea kifusi badala ya pesa.