Kabla hujaniuliza iPad au Kindle, niambie akaunti yako ni raia wa wapi

Kuna grupu la WhatsApp la Wabongo na Wakenya wanaojiandaa kuja huku Ujerumani, wa Ausbildung (mafunzo ya kazi), wa au pair (kulea watoto kwenye familia ya huku), wa chuo, na tangu Kenya isaini ule mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024 limejaa, yaani kusoma meseji zote inabidi uombe ruhusa kazini. Wiki hii kijana mmoja kauliza swali zuri tu, kwa adabu zake zote: nasafiri, nataka kifaa kimoja cha kusomea vitabu na notisi zangu za Kijerumani, ninunue tableti gani, au nichukue Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu tu?

Nyie, majibu aliyopewa! RAM. Megapikseli za kamera, kwani anaenda kusoma au kupiga picha za harusi? "Chukua iPad bro hutajuta." Mwingine kaleta video ya mzungu anaikunja tableti kwa mikono miwili tuone ilivyo imara, sijui nani kamwambia huyu kijana anakuja Ulaya kupigana. Mwingine eti asubiri Black Friday. Hamna hata mmoja, narudia, hamna hata mmoja aliyemuuliza: hivyo vitabu utavinunua kwa akaunti ya nchi gani?

Mtu anayekaa Mwanza na atakayezeeka Mwanza, sawa, mwambieni RAM mpaka asubuhi. Ila huyu anahama. Leo Mbeya, mwakani Bremen, miaka mitatu mbele mkataba ukiisha labda Muscat kwa dada yake au arudi zake nyumbani. Na akaunti za haya maduka ya mtandaoni zina uraia, tena kama sisi Watanzania tu, hazina uraia pacha. Google Play nchi unabadilisha mara moja kwa mwaka, na salio lako la nchi ya zamani linabaki hukohuko kukusubiri. Apple ndo wana masharti kama ya mganga: maliza kwanza salio, subiri usajili wako wa kila mwezi uishe, leta njia ya kulipia ya nchi mpya na anwani ya huko, na wenyewe wanakushauri upakue vitu vyako vyote kabla ya kuhama maana vingine huko uendako huenda havipo. Na ile huduma ya familia kushea manunuzi, wote mnatakiwa muwe akaunti za nchi moja. Kwa hiyo baba yuko Hamburg, watoto wako Arusha, kitabu alichonunua baba hakivuki mpaka. Hela ya ada inavuka. Kitabu, la.

Mimi nina vitabu nilivyonunua kwenye duka moja, jina naliacha, nikiwa Dar, kwa kadi ya benki ya Bongo, kwa jasho langu mwenyewe. Nimefika huku nimebadilisha nchi nikakuta baadhi vimegeuka rangi ya kijivu, ukibonyeza kinakwambia hakipatikani katika eneo lako. Eneo langu! Macho ni yaleyale, kichwa ni kilekile, kilichobadilika ni posta tu. Nikawaandikia, nikajibiwa barua ya heshima sana, ya kunishukuru kwa uvumilivu, hata sikuwa nimewaambia kama navumilia.

Sasa kabla hujaniambia "dada si utumie tu VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani", ngoja. Tatizo sio nchi tu, tatizo ni kwamba ile hujanunua kitabu, umenunua ruhusa ya kukisoma, na ruhusa ana nayo mwenye duka. Hiyo sio kelele yangu. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu ndani ya Kindle za watu, watu walishalipa, wengine walishafika katikati, kisa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Walirudisha hela, waliomba radhi, sawa, lakini tukajua mkono wao unafika mpaka chini ya mto wako. Mwaka 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu na vitabu vyote vikaondoka nalo, hela zikarudi, na aliyekuwa ameandika maelezo yake pembeni mwa kurasa akaongezewa dola 25 za pole, yaani mawazo yako yote ya kiutu uzima, dola 25. Halafu tarehe 26 Februari 2025 Amazon wakaondoa ile njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Ilikuwa ndo akiba ya mtu mwenye intaneti ya kuungaunga, unashusha mara moja ukiwa mjini, unaweka kwenye flashi, unalala. Basi. Kule California mpaka wametunga sheria, imeanza 1 Januari 2025, kwamba ukimuuzia mtu kitu cha dijitali huruhusiwi kumwandikia "nunua" kimya kimya bila kumwambia wazi kwamba anapata leseni tu. Mpaka serikali imeona, ila grupu letu bado liko kwenye RAM.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa huyo kijana, na kwa yeyote anayebeba begi, ni chukua kifaa kinachofungua faili lako wewe. EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, unaiweka mwenyewe, PDF unaiweka mwenyewe, kwa waya, bila kumwomba mtu wala kuwa na bando. Kuna visomeo vingine kama Kindle: Kobo inafanya hivyo, PocketBook inafanya hivyo na inakula karibu kila aina ya faili. Nakala nyingine weka kwenye flashi na nyingine kwenye laptop ya mtu unayemwamini. Ukihamia Muscat unahama na vitabu vyako, havina pasipoti havihitaji viza.

Halafu kuna hili la maktaba, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni hela yenu. Huku Ujerumani maktaba za miji zinaazimisha vitabu vya kielektroniki kupitia kitu kinaitwa Onleihe. Kadi ya maktaba unalipia ada ndogo kwa mwaka, sehemu nyingi watoto hawalipi kabisa, na baada ya hapo unaazima ukiwa kitandani, kitabu kikiisha muda wake kinajifunga chenyewe, hamna faini wala kumkwepa mkutubi njiani. Kwa mtu anayehangaika na B1, ile ngazi ya kati ya Kijerumani, hii ni mali. Kuna vitabu vyepesi vya wanaojifunza lugha, unagusa neno, kamusi inafunguka hapohapo, unaendelea, hujatoka kwenye sentensi. Mimi Kijerumani changu cha kuongea nimekipata kwa wazee kazini, ila cha kuandika nimekipata hivyo, kwenye treni, asubuhi, na usingizi wangu.

Na Onleihe haifanyi kazi kwenye Kindle. Vitabu vyake vina kufuli la kidijitali na Kindle haina ufunguo wake. Kobo inao, PocketBook inao, Tolino inao, hiyo Tolino ndo ya maduka ya vitabu ya hapa hapa, ilianza 2013. Kuazima vitabu vya maktaba moja kwa moja kwenye Kindle kupitia Libby, programu ya kuazimia vitabu vya maktaba, ni kwa walio Marekani tu. Sasa we kaa utafakari, umebeba Kindle kutoka Dar kwa mbwembwe, umefika kwenye nchi yenye maktaba kila kona, na unasimama nje ya mlango.

Haya. Kindle ni kifaa kizuri, nimesema, msinitumie meseji. Ile ya kawaida ina gramu 158, chaji inakaa wiki na wiki, juani unasoma kama karatasi, na tangu 2022 ukiwatumia EPUB yako wanakubadilishia wenyewe. Kama unayo tayari usiitupe, na kama uko Marekani, au hutaki habari za maktaba, furahi nayo.

Na wana-iPad, njooni mnicheke kidogo, maana kuna sehemu mna haki. PDF. Kitabu kilichopigwa skani ukakifungua kwenye skrini ya inchi 6 ni mateso, unavuta kushoto, unavuta kulia, ukirudi umesahau sentensi ilianza na nani. Kama wewe ni wa chuo na mhadhiri anakumiminia makala za skani kila Jumatatu, chukua tableti ya inchi 10 na Mungu akubariki, na wala sio lazima iwe iPad. Kujaza fomu, kusaini mkataba wa nyumba, mtoto kuangalia katuni wakati wewe unapika, kote huko tableti inashinda. Ila iPad ya kawaida ya 2022 ni gramu 477, ishike kwa mkono mmoja kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri halafu uje tuongee. Tena kwenye tableti WhatsApp ipo, TikTok ipo, shangazi yupo. Utasoma kurasa mbili.

Wale wa Dubai mnaonunua tableti ili muone sura ya mama: simu za WhatsApp huko zimezuiwa, wenzenu wanatumia Botim, programu nyingine ya kupigia simu, mjue kabla hamjalipa.

Mpwa wangu alipokuja, kule uwanja wa ndege Dar begi likazidi kilo 23. Familia nzima ikachuchumaa sakafuni kupunguza mzigo. Nilikuwa nimemwagiza riwaya za Kiswahili, tena nilimwambia kwa majina. Mnajua nini kilitoka? Riwaya. Dagaa wakabaki, unga wa muhogo ukabaki, hata chupa ya pilipili ya mama ikabaki imefungwa kwenye fulana tatu. Sikasiriki, dagaa nimewala mwenyewe. Lakini ndo siku niliyoacha kubishana na watu wanaosema wao wanapenda harufu ya karatasi. Penda, baba, ukiwa na kilo za kutosha.

Mengine haraka haraka. Tableti ya laini usinunue, chukua ya waifai tu, simu yako itatoa hotspoti. Mambo ya IMEI, ile namba ya utambulisho ya kifaa cha laini, yanachosha, Bongo walizima simu feki mwaka 2016, Kenya Januari 2025 walitaka msafiri aitaje IMEI ya kifaa anachoingia nacho, ya waifai tupu haina hiyo IMEI ukalala. Plagi ya Bongo, Kenya, Oman, Emirati na Uingereza ni moja, ya Ujerumani ni nyingine, adapta nunua nyumbani. Ukiona Kindle ya mtumba bei ya kutupa, angalia tundu la chaji kwanza, nyingi za zamani ni zile za micro USB, na huku tangu 28 Desemba 2024 sheria ya Ulaya inataka vifaa vipya viwe USB-C, waya wa kuazima utaukosa. Vifaa vyote na pawabanki weka kwenye begi la mkononi, pawabanki isizidi 100 Wh. Najua kuna atakayenikumbusha Machi 2017 Marekani walipokataza tableti kabini kwa ndege zinazotoka Dubai, Doha, Istanbul na kwingine, ndio, nakumbuka, ilidumu miezi michache, wenye riwaya za karatasi walituangalia kwa dharau safari nzima.

Ila nikiwa mkweli, kinachoniuma sio kifaa. Nina kifaa kizuri, kina nafasi ya maelfu ya vitabu, na rafu ya Kiswahili ndani yake ni aibu. Za watoto nashukuru African Storybook, wana hadithi za Kiswahili za bure, mwanangu kazimaliza anarudia. Vya watu wazima baadhi unavipata kupitia African Books Collective ya Oxford. Vingine vyote ni PDF ya skani iliyopigwa na mtu mwenye haraka, kidole gumba chake kiko ukurasa wa 40, na mwandishi hajapata hata senti. Wachapishaji wetu, nawaomba, sio kwa kejeli sasa: tupo huku wengi, tunataka kusoma Kiswahili, tunataka watoto wetu wasome Kiswahili, na tunataka kulipa. Wekeni EPUB isiyo na kufuli, wekeni na namba ya kulipia. Laini yangu ya Tigo, haya, Yas, bado iko hai, naiongezea salio kila nikija likizo isije ikafungwa, na hela imo.